Mwaka Nilioambiwa Sitacheza

Tulimzika Kocha Qamara kwake Bonga, mchana wa jua kali na upepo, na nilipomaliza kutupa udongo wangu kaburini niligeuka nikamkuta Zaituni amesimama nyuma yangu. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Alikuwa amenenepa, amevaa miwani, na mtandio wake mweusi ameubana nyuma ya masikio vilevile kama zamani, utadhani anajiandaa kukimbia. Tulishikana mikono, tukaenda kukaa chini ya turubai, tukaletewa wali na nyama. Mama mmoja wa upande wa chakula akatuuliza kwa adabu sisi ni nani kwa marehemu, maana hakuwa akitufahamu. Zaituni akajibu kabla sijafungua mdomo: "Sisi ni timu yake." Yule mama akatutazama, wanawake wawili wa makamo, mmoja mnene na mwingine mrefu kama nguzo ya umeme, akasema "Poleni sana," akaenda na sinia lake. Sidhani kama alielewa.

Kwenye viti vya mbele alikaa Mama Upendo, aliyekuwa amesafiri kutoka Moshi na fimbo yake, mwembamba na mkali kuliko nilivyomkumbuka. Tulipokwenda kumwamkia alitushika mashavu, mmoja baada ya mwingine. "Qamara alikuwa kocha mzuri kuliko mimi," alisema bila kupunguza sauti, watu wakageuka. "Nilimwambia hivyo akiwa hai, kwa hiyo msidhani namsifu kwa sababu amekufa. Ila kuna jambo moja alikuwa analiogopa, na Vero analijua." Zaituni akaniangalia. Mimi nikatazama pembeni, kwenye ile nyumba ya matofali ya kuchoma yenye jiko lake nyuma, na mwaka ule wote ukanirudia, na harufu ya makande juu yake.

Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya. Ulikuwa umemegwa kutoka Arusha, na Babati, mji ambao wasafiri wengi waliujua kama mahali basi linaposimama abiria wakala, ghafla ukaambiwa kuwa sasa ndio makao makuu. Ofisi zilifunguliwa kwenye nyumba za kupanga, vibao vyake bado vinanuka rangi. Maafisa walilala gesti kwa miezi huku familia zao zimebaki walikotoka. Sokoni perege wa ziwani walipanda bei, na akina mama waliowauza walitamka "wageni wa mkoa" kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua iliyokuja kwa wakati. Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu. Nilikotoka, na kwa nini nilichagua kazi hiyo, si habari ya hapa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa msichana mrefu kupita kiasi, na kwamba tangu nilipoanza kurefuka nilikuwa nimejizoeza kutembea nimejikunja mabega, nikijaribu kutoonekana, jambo ambalo kwa mtu wa kimo changu haliwezekani.

Asubuhi moja mkuu wa chuo alitutangazia kwenye mstari kwamba mkoa mpya unatakiwa kupeleka timu kwenye michezo ya vyuo ya kanda, itakayofanyika Arusha, na kwamba sisi tutatoa wasichana wa mpira wa kikapu. Watu walicheka. Uwanja wetu ulikuwa wa udongo, una goli moja lenye ringi iliyopinda, na upande wa pili hakukuwa na kitu zaidi ya nguzo ambayo wapishi walifungia kamba ya kuanikia vitambaa. Mkuu akasubiri kicheko kiishe, kisha akamtambulisha mzee mmoja mfupi mwenye kofia ya pama na mabuti ya shambani yenye matope. Huyo, alisema, amefundisha mchezo huu kwenye vyuo vya mikoa mingi, sasa amestaafu na analima Bonga, na amekubali kutusaidia. Mzee yule hakuhutubia. Alipita mbele yetu polepole, akasimama kwangu, akainua uso. "Wewe unaitwa nani?" Nikamwambia Veronika. "Simama vizuri, Veronika," alisema. "Mungu hakukosea vipimo." Nilinyoosha mabega. Hata leo nikieleza kwa nini niliupenda mchezo ule kuliko kitu kingine chochote, naanzia hapo: kulikuwa na mahali duniani ambapo mtu aliniomba niwe mrefu.

Majuma ya kwanza hatukugusa mpira. Kocha Qamara alituweka tumepiga magoti nusu, mikono wazi, tukitembea kiubavu kama kaa kutoka nguzo hadi goli, mpaka mapaja yakawaka moto. Wavulana walikuja kutucheka wakiwa na miwa yao. Zaituni, msichana wa Kondoa, mfupi na mwenye mdomo, ambaye alilala kitanda cha chini yangu bwenini, alimuuliza lini tutapewa mpira. "Mkijua kusimama," alijibu. Tulipoupata hatimaye, alitukataza kukaa nao. "Mpira ni mgeni anayepita," alikuwa akisema. "Mkaribishe, mpe maji, mwache aende kwa jirani. Ukimng'ang'ania ataona umemfunga." Ukidunda mpira mara nyingi bila sababu, alipiga filimbi na kukuuliza mbele ya wote, kwa upole kabisa, ulikuwa unamsubiri nani. Hakuwahi kutupigia kelele. Kosa kubwa lilimfanya avue kofia, aitazame ndani kama mtu aliyedondosha kitu humo, kisha aivae tena.

Jumamosi baada ya mazoezi tulitembea kwa miguu hadi Bonga, kwa sababu alisema timu isiyokula pamoja haiwezi kupeana pasi. Sebule yake ilikuwa ndogo, makochi yamefunikwa vitambaa vya kufuma, redio juu ya kabati imevalishwa kitambaa chake kama mtoto anayekwenda kanisani. Katikati palikuwa na meza ya mninga aliyoinunua alipokuwa akifundisha mbali huko, na juu ya meza hiyo alituchorea mchezo kwa nafaka: sisi tulikuwa maharage, wapinzani walikuwa mahindi. Alisogeza harage moja, akauliza hindi hili litakwenda wapi, nasi tukajibu, tukabishana, tukasukumana. Somo likiisha mkewe, Mama Paskali, alikuja na ungo, akakomba timu zote mbili bila kuuliza matokeo, akaenda kuziongeza kwenye chungu cha makande. Zaituni alipenda kusema kwamba hakuna timu nyingine nchini iliyokula wapinzani wake kila wiki. Tulikula tukiwa sakafuni, na maziwa mgando kwenye vikombe vya bati, na Kocha alikula nasi hapo hapo chini, magoti yake yakilia alipoinuka.

Mama Upendo aliingia katika maisha yetu kupitia ofisi ya mkoa. Alikuwa ameletwa Babati kushughulikia michezo, lakini kabla ya hapo alikuwa amefundisha kikapu cha wanawake chuoni huko Morogoro kwa miaka mingi, na yeye na Kocha Qamara walikuwa wamewahi kukutana pembeni mwa viwanja, kila mmoja na timu yake, kila mmoja akidhani mwenzake anafundisha vibaya. Sasa walijikuta kwenye mji mmoja mdogo. Akaanza kuja Bonga Jumamosi, na mabishano yao yakawa sehemu ya chakula. Mzee alitaka tucheze taratibu. Yeye alitaka tukimbie tangu filimbi ya kwanza. Mzee alisema mchezaji akikosea mwache agundue mwenyewe, yeye akasema, "Atagundua lini, akiwa bibi?" Alitupa mashauri yake huku akitafuna. Kocha anayeongea mchezo mzima, wachezaji wanamzima kama redio. Msicheze mkiwa na njaa, wala msicheze mkiwa mmetoka kushiba. Mkifungwa, msilie uwanjani mbele ya waliowafunga. Mtalia mkifika mnapolala, na mkimaliza fueni jezi, kwa sababu mtu anayefua hawezi kulia kwa muda mrefu. Nimekuja kuwapa wanafunzi wangu hilo la mwisho kwa miaka mingi, na hakuna siku halikufaa.

Miezi ilipita. Tulipata goli la pili, lililochomelewa na fundi mmoja pale mjini ambaye hakuwa amewahi kuuona mchezo huo na alituuliza kama ringi hiyo ni ya pipa. Tukacheza na wafanyakazi wa ofisi za mkoa, tukawafunga. Tukacheza na shule moja ya sekondari ya wasichana, tukafungwa vibaya. Mimi nilianza michezo yote, kwa kuwa nilikuwa mrefu kuliko wote, na kwa kuwa hakuna aliyesema vinginevyo niliamini mimi ndiye mhimili wa timu. Kisha akaja Agripina, binti wa wakulima kutoka milima ya Mbulu, aliyehamia chuoni kwetu katikati ya mwaka. Hakuwa na urefu wangu, lakini alikuwa na mabega ya mtu aliyebeba kuni tangu utotoni, na mpira ulipogonga ringi na kurudi, ulimkuta yeye tayari yuko hewani. Nilimwonyesha mbinu zote nilizozijua. Nilimpenda. Hata mara moja sikufikiri kwamba nafasi aliyokuwa anaijia ni yangu.

Jumamosi hiyo ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa wiki chache kabla ya safari ya Arusha. Wenzangu walikuwa wameondoka mapema. Mimi nilibaki kumsaidia Mama Paskali kumenya viazi, maana walitarajia wageni wa kanisani jioni. Jiko lilikuwa nyuma ya sebule, na dirisha lililokuwa kati ya jiko na sebule halikuwa na kioo, lina wavu tu. Mama Paskali alikuwa ametoka kufuata maji. Nilisikia vikombe vikiwekwa mezani, kisha sauti ya Mama Upendo.

"Na Vero?"

"Vero hatacheza Arusha," alijibu Kocha Qamara.

"Hata mimi nimeona. Umemwambia?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

"Nitamwambia baadaye. Ngoja kwanza tupite hii mechi ya wiki ijayo."

"Wewe siku zote ni baadaye," alisema Mama Upendo. "Mtoto anaamini yeye ndiye nguzo. Ana urefu, lakini mwili wake na mpira havielewani. Mikono inafika baada ya macho. Hilo halifundishiki, unalijua na mimi nalijua."

"Najua," alisema mzee. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini umemwangalia akiwa nje, akipumzika? Macho yake? Anaona mchezo kabla haujafika. Yule ni kocha, Mama Upendo. Mimi nilichukua miaka kumi kuona anavyoona sasa."

"Basi mwambie na hilo pia. Mwambie yote mawili, siku moja, mkiwa mmekaa. Binti hastahili kujua kwa orodha ya ubaoni, mbele ya watu."

Nilikuwa na kiazi mkononi. Nakumbuka nilikimenya mpaka mwisho, vizuri, nikakiweka kwenye sufuria yenye maji na wenzake, nikakausha kisu. Kisha nikatoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga na kushika barabara ya kurudi mjini, malori yakinipita na vumbi lake. Kile kipande cha pili, kile cha macho, nilikuwa nimekisikia lakini hakikuingia. Ukiambiwa mambo mawili, moja linakuchoma na lingine linakusifia, ukiwa na umri ule unaondoka na lililokuchoma tu. Nilipofika chuoni, Zaituni aliniambia nimekuja nimejikunja kama mtu anayeumwa tumbo.

Siku iliyofuata Mama Upendo alinitumia ujumbe niende kwake, mtaa wa Maisaka. Alikuwa amepanga chumba na sebule kwenye nyumba ya mjane mmoja, na nusu ya mizigo yake ilikuwa bado kwenye maboksi, kwa sababu alikuwa akisema hatafungua kila kitu mpaka mkoa uwe na uhakika kwamba upo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba akiwa anamenya ndizi, akanionyesha kigoda. "Nilikuta sufuria ya viazi," alisema. "Mama Paskali anasema aliacha mtu anamenya, akarudi hakuna mtu. Kwa hiyo umesikia."

"Nimesikia."

"Vizuri. Basi tusizunguke." Aliteleka ndizi jikoni, akakaa. "Sikukuita nikubembeleze. Nina swali. Juzi Agripina alikosa kikapu upande wa kushoto kila alipojaribu, kulia akafunga. Mimi nilikuwa nimekaa pale na sikuona sababu. Qamara naye hakuona. Kwa nini?"

Nilitaka kunyamaza, lakini jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Nilisema ni mguu. Akija kutoka kushoto anaruka na mguu uleule anaorukia akitoka kulia, kwa hiyo bega lake linatangulia na mpira unabaki nyuma. Nikasimama nikamwonyesha katikati ya maboksi. Mama Upendo aliniangalia kwa muda mrefu hadi nikaona aibu nikakaa. "Umeona?" alisema. Nikajibu kwa hasira ambayo sikuwa nimewahi kumwonyesha mtu mzima: "Lakini mimi nataka kucheza." Nilidhani atanikaripia. Aliinuka, akakoroga ndizi zake. "Najua. Utaendelea kutaka," alisema akiwa amenipa mgongo. "Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, na bado nataka. Kaa, ule." Tulikula ndizi na nyama kwenye sahani alizozifungua kwanza kutoka kwenye magazeti, nikilia na kula, naye hakuniambia ninyamaze.

Kocha Qamara alikuja chuoni Jumatatu kabla ya mazoezi, peke yake. Alinikuta kwenye benchi la mbao kando ya uwanja, akaketi, akavua kofia. Aliitazama ndani. "Nimefundisha vijana wengi," alisema mwishowe, "na kila mwaka kuna mmoja wa kumwambia. Sijawahi kujifunza namna. Huwa naogopa uso wake. Nilichelewa, na ukasikia kwa dirisha. Hilo ni kosa langu, si lako, naomba unisamehe." Mzee wa umri wa babu yangu. Nilimwambia nimemsamehe, na nilikuwa nimemsamehe kweli. Kisha akaniomba niende Arusha nikae naye benchi, nimwambie ninachokiona. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba kama sichezi, siendi. Hakunisihi. Alivaa kofia yake akaenda kuwapanga wengine, na mimi nikarudi bwenini, nikapanda kitandani, nikalala nikiwa nimevaa raba.

Kwa siku kadhaa nilisikiliza mpira ukidundwa kutoka dirishani na nilichukia kila sauti yake. Kibaya zaidi ni kwamba niliuelewa. Nilijua kwa mdundo tu nani ana mpira, na nani anaukalia sana, na wapi mzee atapiga filimbi. Naye akaipiga hapo. Jumapili mchana, bweni likiwa tupu, Zaituni alirudi kutoka mjini na mfuko wa karanga, akasimama akaninyanyulia shuka. "Shuka chini," alisema. "Sina maneno ya kukufariji, nimeyatafuta sina. Nina shida yangu. Kila msichana anayenikabili ananipita upande wa kulia. Kila mmoja. Kocha anasema nitagundua mwenyewe, na safari ni wiki ijayo, na mimi sigundui." Nilimwambia anatazama mpira. Akauliza atazame nini sasa. "Tazama kiuno," nilisema. "Macho yanadanganya, mikono inadanganya, mpira wenyewe unadanganya. Kiuno hakiwezi kwenda kulia na mtu akaenda kushoto." Akanitaka nimwonyeshe. Nikashuka, nikachukua mto nikaufanya mpira, tukasukumana kati ya vitanda, nikampita, nikampita tena, halafu hakupitika. Nilijaribu kila njia. Alikuwa mbele yangu kila mara, anacheka, jasho linamtoka, mtandio umemwangukia mabegani. Nikajikuta na mimi nacheka, na furaha iliyonishika ilikuwa kubwa kuliko ile ya kufunga kikapu. Niliitambua nikashtuka, kama mtu anayekuta mlango nyumbani kwake ambao hakuwahi kuuona.

Kesho yake nilikwenda uwanjani. Kocha Qamara aliniona nikija. Alisogea kwenye benchi. "Kaa huku," alisema. "Huko jua linakupiga."

Arusha tulicheza kwenye uwanja wa sakafu ya saruji, na mpira uliruka juu kuliko tulivyozoea hadi wasichana wetu wakawa wanautafuta kwenye magoti wakati uko kifuani. Wenzetu walikuwa na jezi zinazofanana mpaka soksi. Mechi ya kwanza tulifungwa, na usiku wake jezi zilifuliwa. Ya pili tulishinda, Agripina akifunga kutoka kushoto kana kwamba hajawahi kukosea huko. Ya tatu ndiyo ingeamua nani anaendelea. Mapumzikoni tulikuwa nyuma kidogo tu, wasichana wamekaa chini wanahema, na Kocha Qamara badala ya kusema yeye alinigeukia mbele yao wote. "Vero. Unaona nini?"

Nilikuwa naona, na nilitamani nisione. Zaituni alikuwa amechoka. Alikuwa amecheza dakika zote za siku zile, na sasa kiuno alikiona vizuri lakini miguu ilikuwa haiendi tena; mpinzani wake alikuwa anampita na kila kitu kilichotupata kilianzia hapo. Ilikuwa rahisi kusema jambo jingine. Ningeweza kumnong'oneza mzee sikioni. Nilimtazama, nikaona ameinamisha uso, na nikaelewa kwamba yeye pia ameona, na kwamba ni lile lile linamshinda tena. Nikachuchumaa mbele ya Zaituni ili tuwe macho kwa macho. "Zai, miguu imeisha," nilisema. "Unapitwa kulia na unajua. Inabidi ukae."

"Niko sawa."

"Hauko sawa. Ukikaa tuna nafasi."

Alimtazama Kocha, akisubiri anitengue. Kocha alisema, "Kama alivyosema." Zaituni akavua kitambaa cha mkononi akakirusha chini, akaenda mwisho kabisa wa benchi, akajifunika uso kwa mtandio. Mama Upendo, aliyekuwa amekaa nyuma yetu na viongozi wa mkoa, aliitikia kwa kichwa.

Tulikaribia. Tuliwafikia, tukawapita mara moja, uwanja wote ukasimama; halafu mwishoni wakatufunga vikapu viwili mfululizo na filimbi ikapigwa. Hatukuendelea. Miaka yote hii nimejiuliza kama Zaituni angebaki ingekuwaje, na jibu langu ni lile lile, na bado najiuliza. Kwenye basi la kurudi alikaa kiti cha mbele peke yake. Lami ikaisha, vumbi likaanza, watu wakaimba kidogo wakachoka, na yeye hakugeuka hata mara moja. Karibu na Magugu tairi likapasuka. Tulishuka tukakaa kandokando ya barabara, na akina mama wakaja na ndizi mbivu vichwani. Nilimwona ananunua, anasimama, anafikiri. Kisha akaja akajibwaga kando yangu kwenye nyasi, akanipa mbili.

"Ulikuwa sahihi," alisema. "Miguu ilikuwa imekwisha."

"Pole."

"Umeniambia usoni, sawa. Ningesikia kwa mtu mwingine nisingekusemesha mpaka kufa." Akamenya ndizi yake. "Lakini usinizoee."

Tulicheka mpaka dereva akatutazama. Hivyo ndivyo mwaka ule ulivyoisha kwangu. Yaliyofuata, mitihani na mvua na kazi, ni mambo ya kila mtu. Mama Upendo alifungua maboksi yake, akakaa Babati mpaka alipostaafu. Kocha Qamara alifundisha timu mbili zaidi kisha magoti yakamshinda. Mimi nimekuwa kocha chuoni kwa miaka mingi sasa, na sijawahi kucheza mechi moja ya maana maishani mwangu. Wakati mwingine, uwanja ukiwa mtupu, huwa narusha mpira peke yangu. Mikono bado inafika baada ya macho.

Nilirudi kazini siku ya pili baada ya mazishi. Kwenye timu yangu ya sasa kuna msichana anaitwa Rehema, wa kwanza kufika mazoezini na wa mwisho kuondoka, na kwa muda nilikuwa nimeona kwamba hataingia kwenye timu itakayosafiri. Nilikuwa nimejiambia nitamwambia baada ya mitihani. Nilimwita ofisini asubuhi ile ile, nikafunga mlango, nikamketisha, nikamwambia hatacheza, na kwa nini, na kitu gani kingine nimekiona kwake. Nilimtazama usoni muda wote. Machozi yalimtoka taratibu, naye hakuyafuta.

"Nilikuwa najua, kocha," alisema. "Tangu mwezi uliopita. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Nikavuta kiti changu karibu na chake. Tukakaa hapo wote wawili, wenzake wakisikika nje wanaanza kukimbia.